Jinsi ya kupanga bei ya kitu adimu ambacho moyo haujakubali kukiuza: mwongozo kamili

Wakusanyaji wengi hukwama palepale. Mtu anaulizwa, "Hiki unakiachia kwa bei gani?", naye kwa kuwa hataki kukiuza anataja bei ya juu ilimradi muulizaji aondoke. Baada ya siku kadhaa muulizaji anarudi na pesa taslimu. Mwenye mali anabaki na njia mbili, zote chungu: kuikana kauli yake, au kukabidhi kitu ambacho bado anakipenda. Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Wanaogopa kuonekana wachoyo, wanataja bei ya kirafiki, na usiku huo usingizi hauji.

Tatizo lao ni moja. Wamechanganya bei mbili: ile ambayo soko linalipa na ile ambayo moyo unadai. Mwongozo huu unazitenganisha, unaitafuta kila moja kwa njia yake, kisha unakufikisha kwenye namba moja unayoweza kuitaja bila kigugumizi. Unafaa kwa sarafu, stempu, saa, santuri, kadi za wachezaji, vitabu vya katuni, kamera, ala za muziki na chochote kinachokusanywa.

## Andaa haya kwanza

- Daftari na kalamu. Simu inatosha kwa picha, lakini hesabu hizi ziandike kwa mkono ili zisifutike kirahisi pale moyo utakapobadilika.
- Lenzi ya kukuzia mara 10.
- Taa moja ya mezani unayoweza kuisogeza.
- Rula na mizani ndogo ya gramu, hasa kwa sarafu na medali.
- Risiti, barua, vyeti, picha za zamani na boksi halisi la kitu, kama vipo.
- Watu wawili: mmoja anayeijua bidhaa ya aina hiyo na asiye na nia ya kuinunua, na mwingine wa nyumbani kwako ambaye uamuzi huu unamgusa.

Usiandae dawa yoyote ya kusafishia. Sababu utaiona kwenye Hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Andika bei hii ni ya kazi gani

Kitu kimoja kina bei kadhaa kwa wakati mmoja, na zote ni za haki. Kwa bima, bei ni gharama ya kukipata kingine kama hicho kutoka kwa muuzaji wa kitaalamu, tena bila kusubiri. Hiyo mara nyingi huwa juu kuliko zote. Kwa mirathi au kugawana mali, ni kiasi ambacho muuzaji na mnunuzi wasio na haraka wangekubaliana. Mfanyabiashara anayenunua ili auze tena atakupa chini ya hapo, kwa sababu naye ana pango, ana mtaji uliolala na anahitaji faida. Hajakuibia.

Juu ya daftari andika sentensi moja: "Natafuta bei hii kwa sababu..." Kama sababu ni kwamba watu wanauliza kila mara, unachotafuta ni bei ya kuachia, yaani kiasi ambacho kikija utakabidhi kitu na kubaki na amani. Kama sababu ni dharura ya pesa, iseme wazi, maana dharura hushusha bei hata usipomwambia mtu.

Onyo: Usichukue hati ya makadirio ya bima ukaifanya bei ya kuuzia. Hati hiyo iliandikwa ili kukulinda kitu kikiungua au kuibwa, haikuandikwa kumshawishi mnunuzi. Watu wengi wamekaa miaka wakiamini wamepunjwa na kila mtu, kumbe walishika karatasi isiyohusika.

## Hatua ya 2: Kitambue hadi mwisho

Bei ya kitu usichokijua kwa jina lake kamili ni ubashiri. Vitu viwili vinavyofanana machoni vinaweza kutofautiana bei mara kumi kwa sababu ya herufi moja.

Kwa sarafu, angalia mwaka na ile alama ndogo inayoonyesha kiwanda ilikopigwa. Kwa santuri, usiishie kwenye jalada, kwa kuwa majalada hubadilishwa. Igeuze chini ya taa na usome namba zilizochongwa kwenye sehemu laini isiyo na muziki, kati ya mwisho wa wimbo na lebo ya katikati. Namba hizo ndizo zinazotofautisha toleo la kwanza na lililochapwa miaka ishirini baadaye. Kwa kitabu, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji. Kwa saa, soma namba ya modeli na namba ya mfululizo, na kama hujui kufungua kifuniko cha nyuma, mpe fundi.

Kwa stempu angalia meno, alama ya maji kwenye karatasi na hali ya gundi ya nyuma. Kwa ala za muziki, tafuta aina ya mbao. Hilo lina uzito wa kisheria pia, nitalirudia kwenye Hatua ya 9.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika maelezo ya mistari mitatu ambayo mgeni akiyasoma atakitambua kitu chako kati ya vingine ishirini vya aina hiyo.

## Hatua ya 3: Kipime hali yake kwa jicho la mnunuzi

Hapa ndipo mapenzi huharibu hesabu kuliko mahali pengine popote. Mwenye mali huona kitu kama alivyokiona siku ya kwanza. Mnunuzi anaona mkwaruzo.

Zima taa zote za chumba, bakiza ile ya mezani. Kama ni sarafu, ishike kwa ukingo, vidole visiguse uso, uiinamishe taratibu chini ya mwanga. Sarafu iliyopigwa ikabaki bila kuguswa hurusha mng'ao unaozunguka uso kadiri unavyoigeuza. Iliyosuguliwa humeta kwa ubapa, na ukiweka lenzi unaona mistari myembamba kama nywele ikielekea upande mmoja. Mistari hiyo iliachwa na kitambaa cha mtu aliyetaka kuisaidia ing'ae. Haitoki, na mkadiriaji wa kitaalamu ataiona kabla hujaketi.

Kwenye saa, tazama zile pembe zinazoshika mkanda. Kiwandani hutoka na kingo kali. Ikiwa zimekuwa za mviringo, kasha limeng'arishwa mara nyingi na chuma kimeliwa. Uso wa saa uliopakwa rangi upya hupunguza bei kuliko uso uliofifia wenyewe. Hilo huwashangaza wageni wa fani hii, lakini mkusanyaji hulipia uhalisi kabla ya kulipia urembo.

Kwa vitabu vya katuni, tazama mgongo: kila mkunjo mdogo uliovunja rangi unahesabika, na pini zenye kutu pia. Kwa kadi, anza na kona nne, kisha pima kwa rula kama picha imekaa katikati ya mipaka yake.

Kila fani ina kipimo chake kinachokubalika. Sarafu hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya mtaalamu wa sarafu William Sheldon ya mwaka 1949. Kadi mara nyingi hupimwa kwa 1 hadi 10. Santuri zina daraja za herufi, na santuri ya zamani iliyopigwa nyumbani ni nadra kustahili daraja la juu kabisa hata kama imetunzwa vizuri. Tumia kipimo cha fani yako. Maneno kama "safi sana" hayana maana kwa mnunuzi.

Sasa mpe yule mjuzi naye apime, bila kumwambia umeandika nini. Mkitofautiana, chukua daraja la chini. Naliamini zaidi jicho lake kuliko lako, na sababu ni kwamba yeye hana cha kupoteza.

Onyo: Usisafishe, usigundishe, usipake mafuta, usinyooshe mikunjo kwa pasi. Kitu kichafu kinaweza kusafishwa na mtaalamu baadaye; kilichosafishwa vibaya hakirudi. Na kama sarafu zako zimekaa kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, zitoe leo. Plastiki hiyo hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani, na ukikaa unakula chuma.

## Hatua ya 4: Kusanya bei zilizolipwa, ziache zinazoombwa

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Inaweza kukaa hapo miaka mitano bila mtu kuigusa. Unachohitaji ni rekodi za mauzo yaliyokamilika. eBay ina kichujio cha kuonyesha vilivyouzwa tu. Discogs huonyesha historia ya mauzo ya santuri kwa toleo husika. Nyumba kubwa za mnada, kama Heritage, Sotheby's na Christie's, huweka matokeo yao mtandaoni.

Tafuta mauzo yasiyopungua matano ya kitu kilekile, hali ileile, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Yapange kutoka dogo hadi kubwa na uchukue la katikati. Tuseme umepata saba, kwa pesa yoyote ile: 700, 880, 940, 1,000, 1,040, 1,100 na 2,300. La katikati ni 1,000. Ukichukua wastani wa kawaida utapata takriban 1,137, kwa sababu lile la 2,300 limevuta hesabu juu. Huenda siku ile watu wawili walishindana kwa hasira kwenye mnada. Wewe huwezi kupanga bei ukitegemea hasira ya watu wawili usiowajua.

Soma vizuri matokeo ya mnada. Bei ya nyundo ni ile mnadishaji anayoitangaza anapogonga meza. Juu yake mnunuzi huongezewa ada ya nyumba ya mnada, ambayo kwenye nyumba kubwa mara nyingi hufika asilimia 20 au zaidi, na mitandao mingi huonyesha jumla hiyo. Muuzaji haioni ada hiyo, na kwenye bei ya nyundo anaweza kukatwa kamisheni yake pia.

Je, kitu chako kikiwa kimoja tu duniani? Hata hapo soko haliahidi kupanda. Stempu ya British Guiana ya senti moja, ya mwaka 1856, ndiyo pekee ya aina yake inayojulikana. Mwaka 2014 iliuzwa kwa dola milioni 9.48. Mwaka 2021 iliuzwa tena kwa dola milioni 8.3. Upekee wake haukupungua hata chembe. Wanunuzi wa siku ile ndio waliokuwa tofauti.

Na uzee au umaarufu pekee hautoshi. Toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha X-Men la mwaka 1991 lilitoka kwa nakala zaidi ya milioni 8, na watu wengi walizinunua ili waziweke akiba. Waliziweka vizuri kweli, ndiyo maana hadi leo zipo tele na bei yake ni ndogo. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi na kutangazwa kuwa ni cha wakusanyaji kitazame kwa tahadhari.

## Hatua ya 5: Toa gharama, upate bei ya mkononi

Ile 1,000 si pesa yako. Ondoa kamisheni ya mtandao au dalali, tuseme asilimia 12, yaani 120. Ondoa vifungashio na usafirishaji wenye bima, 45. Ondoa ada ya uthibitisho, 35. Zinabaki 800. Hiyo naiita bei ya mkononi, na ndiyo namba ya kulinganisha na kila ofa inayokuja mlangoni.

Hatua hii ni fupi, lakini wanaoiruka hukataa ofa nzuri. Mtu anayekupa 850 taslimu bila kamisheni wala posta amekupa zaidi ya soko, ingawa masikioni inasikika ndogo kuliko 1,000. Kama unapoishi faida ya mauzo hutozwa kodi, iongeze kwenye makato.

## Hatua ya 6: Pima hadithi ya kitu

Kila mkusanyaji ana hadithi. Swali ni hadithi gani mnunuzi ataitolea pesa. Jibu ni fupi: ile inayothibitika na inayomgusa mtu asiyekujua wewe.

Saa ya Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Saa za modeli hiyo ni ghali zenyewe, ila si kwa kiwango hicho. Kilichoongeza bei ni kwamba nyuma yake kulikuwa na maneno yaliyochongwa, zawadi kutoka kwa mkewe Joanne Woodward, na safari ya saa hiyo kutoka mkono wa Newman hadi kwa aliyeiuza ilijulikana: Newman mwenyewe alimpa kijana aliyekuwa mpenzi wa binti yake. Kulikuwa na mnyororo, na kila pete ilionekana.

Sasa geukia chako. Gawa ukurasa sehemu mbili. Kushoto andika yanayothibitika: risiti ya kwanza, sahihi iliyokaguliwa, picha ya mmiliki wa awali akiwa nacho, barua. Kulia andika yanayokugusa wewe: baba alikupa, ulikitafuta ujana wako wote, kilikuwa mezani wakati wa msiba. Upande wa kushoto unaweza kuongeza bei ya soko, na yule mjuzi atakusaidia kukadiria kiasi. Upande wa kulia soko halilipi chochote. Usiufute. Utauhitaji hatua inayofuata, na pale utahesabiwa kwa heshima zake zote.

## Hatua ya 7: Tafuta bei ya moyoni

Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi. Nusu yao walipewa vikombe vya kawaida, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa bei gani. Wengine wakaulizwa wangevinunua kwa bei gani. Waliopewa walidai takriban mara mbili ya wale wasio navyo, au zaidi. Vikombe walikuwa navyo kwa dakika chache tu. Ikiwa dakika chache zinafanya hivyo, wewe uliyeishi na kitu miaka mingi usione aibu kwamba namba yako iko juu. Lakini usimlaumu mnunuzi kwa kutoihisi.

Fanya hivi.

Kwanza, jiulize swali la kinyume: kama kitu hiki usingekuwa nacho, na ungekiona leo kwa muuzaji kikiwa katika hali hiihii, ungetoa kiasi gani? Andika haraka. Ukiona ungelipa 600 tu kwa kitu unachosema hukiachii kwa 2,000, ujue hiyo 1,400 ya katikati ni kumbukumbu na mazoea. Ni vitu halali, ila sasa vimejulikana kwa majina yao.

Pili, panga ngazi. Anza na bei ya mkononi na upande kwa hatua sawa: 800, 900, 1,000, 1,100, 1,200, 1,300. Mbele ya kila namba andika "naachia", "siachii" au "sijui". Rudia siku nyingine bila kutazama majibu ya kwanza, na siku ya tatu tena. Chagua siku zenye hali tofauti: moja umechoka, moja umefurahi, moja bili zimekubana. Namba ya chini kabisa iliyopata "naachia" mara zote tatu ndiyo bei yako ya moyoni. "Sijui" ihesabu kama "siachii".

Tatu, zipe hizo pesa jina. Pesa zisizo na kazi huonekana ndogo mbele ya kitu unachokishika. Andika zingefanya nini hasa: ada ya shule, paa, kipande unachokitafuta kukamilisha mkusanyo. Watu wengine wakifika hapa namba yao hushuka yenyewe. Wengine hugundua hakuna jambo ambalo pesa hizo zingefanya wakalifurahia kama wanavyofurahia kitu, na hao wameshapata jibu lao.

Nne, uliza kama kinarudishika. Kama kingine kama hicho kinapatikana sokoni kwa 1,150 pamoja na usumbufu wote, na wewe unadai 3,000, basi unachokitetea ni *hiki hasa*, cha baba, chenye ule mkwaruzo wake. Sawa kabisa. Lakini kama hakuna kumbukumbu iliyoshikamana na hiki hasa, dari ya bei yako ni gharama ya kukirudisha kingine na jasho la kukitafuta.

Umefaulu ikiwa unaweza kuisoma namba yako kwa sauti mbele ya yule mtu wa nyumbani, na akikuuliza "Una hakika?" hutafuti maneno.

Onyo: Ikiwa ngazi imepanda hadi mara tano ya soko na bado unaandika "siachii", acha kupanda. Huna bei. Nenda hatua inayofuata ukiwa umeliweka hilo wazi.

## Hatua ya 8: Chagua msimamo mmoja kati ya mitatu

Hakiuzwi. Unasema hivyo, basi. Hutaji namba hata kwa utani. Ukishataja, umegeuza "hapana" kuwa "bado hujafika bei", na watu watarudi. Mwenye nia ya kweli mwambie ukweli: "Hiki hakiuzwi. Siku mawazo yakibadilika wewe utakuwa wa kwanza kujua," kisha andika jina na namba yake kwenye daftari, kama kweli unakusudia kumpigia.

Kinauzwa kwa bei yangu. Umechagua bei ya moyoni na uko tayari kukabidhi siku hiyohiyo. Kumbuka bei ya moyoni ni ile inayobaki mkononi, hivyo bei ya tangazo lazima ibebe makato. Kwa mfano wetu, ukitaka zibaki 1,200, jumlisha gharama zisizobadilika za Hatua ya 5, 45 na 35, yaani 80, upate 1,280, kisha gawanya kwa 0.88 kwa sababu ya kamisheni ya asilimia 12. Unapata karibu 1,455. Ukitangaza 1,200 ukadhani utapata 1,200, utakuwa umejipunguzia 224 bila mtu kukuomba.

Nasikiliza ofa, ila nina sakafu. Sakafu ni ile bei ya moyoni, na haisemwi. Mnadani ina jina lake: bei ya akiba, ambayo zabuni zisipoifikia kitu hakiuzwi. Uliza mapema kama kuna ada kitu kisipouzwa. Pia fahamu kwamba kitu kilichopita mnadani bila kununuliwa huacha rekodi, na mnunuzi wa baadaye ataisoma.

Njia ambayo siipendekezi ni ile ya nne inayotumiwa na wengi, bei ya kufukuzia watu. Kutangaza kitu cha 1,000 kwa 10,000 hakulindi chochote. Wajuzi wanakuona huna nia au hujui, hivyo siku ukiwa na nia kweli hawarudi. Tangazo likikaa muda mrefu kitu kinaonekana kimekataliwa. Na kila siku linapokaa hewani unawaambia watu usiowajua kwamba nyumbani kwako kuna mali.

## Hatua ya 9: Hakikisha ni chako kukiuza

Kama kilitoka kwenye urithi ambao haujagawanywa, si chako peke yako, hata kama kimekaa kabatini kwako miaka mingi. Zungumza na wenzako kabla ya kutaja namba nje. Ugomvi wa familia juu ya kitu kilichokwishauzwa hauna suluhu, kwa sababu kitu hakipo tena mezani.

Kisha angalia kimetengenezwa na nini. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia mwaka 1990, na gamba la kasa wa baharini nalo linabanwa. Mbao ya rosewood ya Brazili, inayopatikana kwenye magitaa mengi ya zamani, iko kwenye orodha kali zaidi ya mkataba huo tangu mwaka 1992. Kuvusha mpaka bila kibali kunaweza kukugharimu kitu chenyewe. Malikale nazo zinagusa mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaozuia usafirishaji haramu wa mali za utamaduni: bila karatasi za kilikotoka, nyumba nyingi za mnada hazitakipokea, na bei yoyote uliyoandika haina mnunuzi halali.

## Hatua ya 10: Mkabili mnunuzi

Bei umeshaipata, kilichobaki ni kutoiharibu kwa mdomo. Akiuliza "Mwisho kabisa ngapi?" kabla hajakiona kitu, mjibu akione kwanza. Mtu anayepatana juu ya kitu asichokishika anapatana na picha.

Taja bei mara moja, kisha nyamaza. Usianze kuieleza. Ukianza kusimulia baba alivyokupa, unamwonyesha mnunuzi kwamba namba yako imetoka moyoni, naye ataishambulia hapo. Yaliyo upande wa kushoto wa ule ukurasa wa Hatua ya 6 ndiyo ya kumwonyesha: risiti, vyeti, picha.

Ofa ikija chini ya sakafu, "Asante, sifiki hapo" inatosha. Ikija juu ya sakafu lakini tumbo likakaza, omba siku moja: "Nimekusikia, nitakujibu kesho jioni." Mtu mzima atakubali. Anayesema ni sasa hivi au basi, mwache aende.

Mkikubaliana, chukua arbuni na mwandikiane: kitu gani, hali gani, bei gani, salio lini, na arbuni inarudi au hairudi nani akighairi. Usikabidhi kitu kwa picha ya ujumbe wa malipo. Thibitisha kwenye akaunti yako mwenyewe. Anayelipa zaidi ya bei kwa hundi kisha akaomba urudishe chenji ni tapeli, kila mara.

Kama kukiachia ni kugumu lakini umeamua, unaweza kumwomba mnunuzi ahadi ya maandishi kwamba akitaka kukiuza atakuuliza wewe kwanza. Wakusanyaji wa kweli hawaoni ombi hilo kuwa la ajabu, na haligharimu chochote.

## Hatua ya 11: Weka tarehe, na uirudie

Andika kwenye karatasi moja: maelezo ya kitu, daraja la hali, bei ya soko, bei ya mkononi, bei ya moyoni, msimamo uliochagua, na tarehe. Ipitie mara moja kwa mwaka. Soko la vitu adimu hugeuka haraka, hasa kwa vitu vinavyofuata kizazi fulani: waliovipenda utotoni wakishapata pesa bei hupanda, wakianza kugawa mali zao vinajaa sokoni.

Soko likishuka, bei ya moyoni haina sababu ya kushuka nalo. Kinachobadilika ni kiasi cha bima, ili usilipie ada ya thamani isiyokuwepo. Soko likipanda hadi kuifikia au kuipita bei yako ya moyoni, rudia ngazi ya Hatua ya 7 kabla ya kujibu ofa yoyote, maana namba ya mwaka jana iliandikwa ukiwa na mahitaji ya mwaka jana. Na karatasi hiyo mwonyeshe yule mtu wa nyumbani mahali ilipo: ukiwa haupo, yeye ndiye atakayeulizwa bei.